Salamu Zinazopita Mizizini

Kijiji cha Volcano, Kisiwa cha Hawaii
14 Januari 2024

Kwa Baba Mkwe, Mwalimu Kiema,
Kathiani, Machakos

Shikamoo Baba,

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu Mutuku anioe, mpaka alipotutoka, mpaka leo ambapo mtoto wetu analelewa kwako, sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Wewe nawe hujawahi kunipigia simu. Mama, ambaye siku hizi namwita Susu kama Kavutha anavyomwita bibi yake, aliniambia kwamba simu huzitaki, lakini barua ukiipata unaisoma mpaka stempu. Basi nimetafuta stempu nzuri.

Swali langu ni fupi. Kavutha yuko vipi? Nikipiga simu Jumapili asubuhi kabla hamjaenda kanisani, Susu husema amelala. Binti yangu wa miaka sita, aliyezoea kuniamsha kwa kunifumbua macho kwa vidole vyake, tangu lini amekuwa mlalaji? Kama anaumwa, niambieni. Kama amenikasirikia kwa kumwacha, niambieni pia.

Na kwa kuwa karatasi ingali na nafasi, nikueleze kilichonileta huku, maana najua majirani wa Kathiani wanasema mjane wa Mutuku amevuka bahari kwenda kutafuta mende.

Hawako mbali sana na ukweli. Kisiwa hiki kimejengwa na volkeno. Mlima ukitapika, lava huteremka kama uji mzito. Juu inapoa na kuganda, chini yake moto unaendelea kukimbia mpaka uishe, na unapoisha unaacha bomba tupu la mawe ndani ya ardhi. Hilo ndilo pango. Miti huota juu yake, mizizi hupenya nyufa na kuning'inia kutoka darini. Ninapoingia na kuzima taa yangu, naona giza ambalo halijawahi kujua mchana. Nikikaa humo kwa muda nasahau kama macho yangu yako wazi au nimeyafumba, na mara nyingine nahisi Mutuku amekaa karibu, ananisubiri nimalize.

Humo mizizini wanaishi wadudu wangu. Ni weupe, wadogo kama punje ya mtama, na chakula chao ni maji ya mizizi. Mababu zao waliishi nje juani, wakiwa na rangi, macho na mabawa. Wachache wakaingia chini. Kizazi baada ya kizazi, kila kisichokuwa na kazi gizani kikawatoka. Sasa hawana macho, hawaruki, na hawajui kwamba huku juu kuna jua.

Nibusie Kavutha. Kama hataki, mbusu akiwa amelala.

Mkaza mwanao,
Firdaus Ahmad


Kathiani
19 Februari 2024

Mama Kavutha,

Marahaba. Barua imefika na stempu nimeisoma. Ilikuwa na ndege mwekundu, lakini Kavutha amembandua na kumhamishia kwenye mlango wa kabati, kwa hiyo hayuko tena mikononi mwangu.

Mtoto ni mzima kabisa. Jino la mbele limeng'oka, amelirusha juu ya paa. Anahesabu kwa Kikamba mpaka mia, na kuteta kwa Kikamba hakuna anakoishia. Kuku wote wa boma hili wamekuwa wake kwa amri yake mwenyewe. Kuhusu usingizi wa Jumapili, Susu atakueleza siku moja.

Tunavuna mahindi. Mvua ya mwisho wa mwaka ilitujali, na matuta niliyochimba na Mutuku akiwa bado mwanafunzi yameshika maji yote. Mchungwa wa pale mlangoni umezaa mpaka tumeutegemeza kwa mti.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Kwanza peke yangu, halafu kwa sauti, Kavutha akiwa amekaa juu ya gunia. Ana maswali na amenishurutisha niyaandike, hivyo ukiyaona ya ajabu usinilaumu mimi. Kama hawana macho, wanajuana vipi? Wakipotezana, wanalia? Na je, unaweza kumletea mmoja, akae ndani ya kikombe?

Mimi nina langu moja. Nilipokuwa nikifundisha, vitabu vilituambia kwamba kiumbe hubadilika kikawa kiumbe kingine kwa kupita miaka isiyo na idadi. Sasa wewe unasema hayo yametokea kwenye mawe ambayo juzi tu yalikuwa moto. Basi huyo mpya huzaliwa lini? Iko siku mama anaamka na kukuta mtoto wake si wa kabila lake tena? Mimi ni mzee wa kanisa na sina hakika kama swali hili linaruhusiwa. Lakini aliyeumba pango hakushindwa kuweka mtu ndani yake, na ningependa kujua alifanyaje.

Mwalimu Kiema (mstaafu)


Kijiji cha Volcano
21 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Nimecheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama niko salama. Mwambie Kavutha kwamba mdudu wa kikombe hawezekani. Akitoka gizani na kwenye unyevu wake, hata siku moja hamalizi.

Na mwambie kwamba wanajuana kwa mtetemo. Mmoja akiwa juu ya mzizi huutikisa mwili wake, mtikisiko unapita ndani ya mzizi, na mwenzake aliye mbali anaupata kwa miguu. Mara nyingi jike ndiye huanza kuita. Dume akijibu, wanaitana hivyo hivyo, huku akimfuata kidogo kidogo mpaka wakutane. Kwa sikio la mtu ni kimya kitupu. Ila mimi ninabana kifaa kidogo kwenye mzizi, na ndani ya masikio yangu nasikia kitu kama Susu akipepeta mbaazi nyuma ya nyumba. Nafunga macho, ingawa hakuna haja, na nasikiliza hadi miguu inakufa ganzi.

Swali lako limenikosesha raha, Baba, kwa sababu ni swali langu pia. Jibu ni kwamba hakuna siku hiyo. Wachache wanapita kwenye ufa na kuingia pango jipya. Kwa kuwa ni wachache, wanabeba namna chache tu za kuita. Watoto wao wanaita hivyo hivyo, na tofauti kidogo. Wajukuu wao, na tofauti kidogo tena. Kila mama anamjua mwanawe, kila mtoto anamjua mamake, hakuna anayeamka na kumkuta mgeni nyumbani. Lakini ukimchukua mmoja wa pango hili ukamweka kwenye mzizi wa pango lile, wataitana na hawataitikiana. Hapo ndipo sisi wenye madaftari tunaposema kwamba hawa ni wawili.

Sasa naomba unisamehe kwa haraka ya mkono wangu. Kazi yangu ilikuwa iishe mwaka huu. Wameniomba nibaki miaka miwili zaidi, na wamenipa nyumba yenye chumba cha mtoto, na shule iko karibu. Nimekubali. Ninataka kumchukua Kavutha mwezi wa nane.

Najua ninachokuomba. Mutuku alikuwa mwana wenu wa pekee, na huyu ndiye aliyemwacha. Lakini kila Jumapili naambiwa amelala, na mimi nimeanza kusahau sauti yake ilivyo anapoamka. Naomba unijibu, hata kama jibu ni gumu.

Firdaus


Kijiji cha Volcano
2 Juni 2024

Kwa Mwalimu Kiema,

Nimengoja. Nimehesabu muda wa barua kwenda na kurudi, nikauongeza, nikauongeza tena. Hujajibu.

Mwezi mzima nimekuwa nikiupitisha mwito wa wadudu wa pango la kwanza kwenye mizizi ya pango la pili. Nabana kifaa, nauachilia mwito, nasikiliza. Kimya. Nakaa gizani na kimya kile, na nakiri kwamba nakijua. Ni kimya chako.

Niseme leo, maana nimechoka kuyameza. Siku ya harusi yetu niliupokea mkono wako niubusu, kama nilivyofundishwa kuwafanyia wazee wote wa nyumbani kwetu. Uliunyakua kana kwamba nimekuchoma, mbele ya watu. Nikikukuta sebuleni unatoka. Nikileta chakula unakwenda kulia kwingine. Nilipomleta Kavutha kutoka hospitalini, akiwa bado mwekundu, ulituona kwenye kijia ukaingia ndani ya mahindi. Nilisimama na mtoto wako wa damu mikononi, nikatazama mabua yakitikisika. Na jina langu hujawahi kulitaja. Katika barua yako nzuri, iliyonifanya nidhani tumeanza kuzungumza, mimi ni "Mama Kavutha" tu. Mutuku alikuwa akisema, "Usijali, Baba yuko tu hivyo." Mimi nikajiambia ni kwa sababu ya dini yangu, na kwamba siku moja utanizoea.

Hukunizoea. Mtoto wangu unaye, na Susu anasema amelala, amelala, amelala. Kaka yangu Umar amekasirika. Anasema atafunga duka siku moja, aje Kathiani amchukue mpwa wake kwa mkono. Nimemzuia, lakini sijui nitamzuia mpaka lini, wala kwa nini.

Kama ni hapana, niandikie hapana. Hilo tu.

Firdaus Ahmad


Kathiani
27 Juni 2024

Mama Kavutha,

Barua yako ilinifikia jana, na jana sikula.

Nianze na Umar, kwa sababu hukumzuia. Alikuja wiki tatu kabla ya barua yako kufika, amevaa kanzu yake ya Ijumaa na uso wa vita. Alisema akiwa bado getini, "Mzee, mimi nimekuja kuchukua mtoto wa dada yangu." Nikamwambia, "Karibu chai kwanza, hata polisi hunywa chai." Kavutha akatokea nyuma ya nyumba.

"Anko Umar! Umeniletea nini?"

"Sijakuletea kitu. Nimekuja tuende. Unaenda kwa mama."

"Sasa nikienda kuku itachungwa na nani? Babu hawezi. Kuku inamtoroka."

Umar alijaribu kubaki na hasira yake, ikamshinda. Alicheka mpaka chai ikamwagikia kanzu. Hapo ndipo nilipomwambia ninalokwambia sasa. Nilimwomba asikupigie simu, kwa kuwa mambo haya yanataka karatasi. Alisema atajikaza, na naona amejikaza.

Jibu langu ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu siku ile nilipoisoma barua yako ya Machi. Lakini nilipotafuta cheti cha kuzaliwa cha Kavutha nikakuta Mutuku hakuwahi kukichukua, na kadi ya kliniki panya walikuwa wameila nusu. Pasipoti haitoki bila cheti. Nilikwenda kwa chifu, nikaenda Machakos, nikarudi kwa chifu. Sikutaka kukuandikia ndiyo tupu isiyo na kitu mkononi. Nilisema nitakapokipata cheti nitakutumia vyote pamoja, na nikadhani kimya changu unakielewa. Tangu Umar aje amekuwa akinipeleka mwenyewe. Cheti tumekipata Jumatatu.

Sasa hayo mengine. Nimekaa na barua yako chini ya mchungwa, nikajiuliza nimekuwa nikiishi na nani.

Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wana nthoni. Ni heshima, na kwetu hakuna iliyo kubwa kuliko hiyo. Simshiki mkono. Sili mbele yake. Jina lake silitamki, wala siliandiki kwenye karatasi. Nikimwona njiani napinda nimpishe. Simu naiogopa kwa sababu ingeleta sauti yake ndani ya sikio langu, na huko ni karibu kuliko kukaa kiti kimoja. Baba yangu alimfanyia Susu hivyo hivyo mpaka akaingia kaburini. Susu humsimulia hadi leo kama mtu aliyempenda kuliko sisi sote.

Vijana wengi siku hizi wameiacha. Mimi sikuiacha kwa sababu yako. Ulitoka mbali, umeacha nyumba ya watu wako ukaja kwenye milima yetu, na nilitaka kila jirani aone kwamba mke wa Mutuku anaheshimiwa kikamilifu, hata kama anaswali upande mwingine. Ulipoushika mkono wangu siku ya harusi, mbele ya ukoo mzima, nilihisi nimekuvunjia heshima mimi kwa kuuacha ushikwe. Nikaunyakua. Nilidhani Mutuku amekueleza. Naye nadhani hakuona cha kueleza, kwa sababu alizaliwa ndani ya jambo hilo na hakuwahi kulitazama kwa nje.

Na siku ya mahindi. Sikwenda mbali. Nilikaa mle ndani, nikamsikia mtoto akilia kwa mara ya kwanza kwenye shamba langu, na mimi nikalia pamoja naye. Hukuniona kwa sababu nilikuwa nikikuheshimu kwa nguvu zangu zote.

Limebaki la Jumapili. Kavutha halali. Simu yako ikilia anaingia chini ya kitanda. Susu akimbembeleza anasema, "Hiyo si mama. Hiyo ni simu." Tuliogopa kukuumiza, tukasema uongo, tukauzoea. Lakini barua zako anazitaka kila siku. Ananiletea mwenyewe, anapanda juu ya gunia, na nikiruka neno ananirudisha. Kwa hiyo usidhani amekusahau. Amekuweka mahali pengine tu.

Nyumba hii itakuwa baridi akiondoka. Siwezi kukuficha hilo. Njoo umchukue.

Mwalimu Kiema


Kijiji cha Volcano
18 Julai 2024

Shikamoo Baba,

Nimeona haya mpaka nimetamani pango lingine, la ndani zaidi. Halafu nimelia, halafu nimempigia Umar nikamtukana kwa kujikaza vizuri hivyo. Anasema alikuwa akiuma ulimi kila nikipiga.

Miaka yote hiyo, kila ulipopinda njia, nilisikia "sikutaki". Na wewe kila nilipokukimbilia mkono ulisikia nini? Msichana asiye na adabu? Mutuku angecheka sana, kisha angejificha.

Nikueleze jambo moja la kazi. Nilikuwa nimeandika kwamba wadudu wa pango la pili hawausikii mwito wa pango la kwanza. Baada ya barua yako nilirudi chini, nikawasha taa hafifu nyekundu ambayo haiwadhuru, na safari hii sikusikiliza, nilitazama. Nikauachilia mwito. Jike mmoja aliyekuwa akitembea akasimama. Akainua mguu mmoja, akauweka. Akakaa hivyo kwa muda mrefu, bila kujibu, kisha akaendelea na safari yake. Alisikia, Baba. Hakujua tu kwamba anayeitwa ni yeye.

Nilikaa gizani baada ya hapo bila kuandika chochote. Maji yalikuwa yakidondoka mahali, na mizizi ilikuwa ikicheza kwa upepo wa huko juu ambao mimi siuhisi. Nilihisi kama niko ndani ya mahindi yako.

Karatasi za pasipoti nimezitia sahihi nikazituma kwa Umar. Nitafika mwanzoni mwa Agosti, na nitakaa mpaka mwisho wake. Umar anasema kwamba nthoni huweza kumalizwa kwa mbuzi na karamu, mkaanza kuongea kama watu wengine. Mbuzi nitamnunua mimi. Ningependa kuisikia sauti yako mara moja kabla sijamwondoa mjukuu wako. Niambie nifanye nini.

Mkaza mwanao,
Firdaus


Nyumba kubwa, Kathiani
11 Agosti 2024
(Kwa mkono wa Kavutha, kupelekwa nyumba ya Mutuku)

Mama Kavutha,

Naandika barua ya kuvuka uwanja. Majirani wakijua watasema mwalimu amezeeka vibaya.

Mbuzi usinunue. Nimelifikiria jambo hili tangu Julai. Nthoni ndiyo zawadi pekee niliyokupa tangu siku ya kwanza, na umeijua juzi tu. Nikiiondoa sasa nitakuwa nimekunyang'anya kabla hujaivaa. Na kusema kweli kwenye karatasi nina maneno mengi kuliko niliyo nayo mdomoni. Muulize Susu.

Leo asubuhi nilikuwa nikitoka zizini, nawe unatoka bombani na ndoo. Uliniona. Ukageuza uso, ukaiacha njia yote, ukapita upande wa migomba, matope yakakujaa viatu. Susu amecheka mpaka akaketi chini, mimi nikaingia ndani nikakaa kitandani. Katika boma hili hakuna aliyewahi kunisalimu vizuri hivyo.

Kiema


Nyumba ya Mutuku
Siku hiyo hiyo, nyuma ya karatasi

Baba,

Mpelekaji wetu anadai ndizi moja kwa kila barua.

Nilipofika alijificha nyuma ya Susu, akanitazama sana. Kisha akauliza, "Wewe ndio ile barua?" Nikamwambia ndiyo. Akanipa mkono. Tangu hapo hatujaachana, analala amenishika sikio.

Lakini namwona na kuku wake. Namwona akikufuata shambani akiwa amefunga mikono nyuma ya mgongo kama wewe. Anaota kwa Kikamba. Jana alicheka usingizini na kusema maneno ambayo mimi mamake sikuyaelewa. Nimelala macho, nimejiuliza ninampeleka wapi, na ni kwa faida ya nani. Pasipoti imeshafika, sanduku limefungwa, na sina tena uhakika.

Wewe umemlea nilipokuwa sipo. Sema neno moja, Baba, na nitamwacha. Sitakulaumu kamwe.

Firdaus


Nyumba kubwa
12 Agosti 2024

Mama Kavutha,

Sweta lake la manjano liko kwa Susu, lisisahaulike. Atalihitaji kwenye ndege.

Kiema


Kathiani
16 Septemba 2024

Mama Kavutha,

Umar ametuambia kwamba mmefika salama na kwamba mtoto alitapika mara moja tu, juu ya mzungu aliyekuwa mpole. Tumefurahi. Susu amempigia kila mtu simu kusimulia habari za huyo mzungu.

Mimi nimekuwa na hasira, na nakuandikia ili inipungue. Siku ile alipoingia kwenye gari la Umar aliuliza kama ndege ina choo, akaambiwa ipo, akafunga mlango. Hakugeuka nyuma. Nilikuwa nimesimama kando ya zizi kwa ajili yako, lakini nilisimama mahali ambapo yeye angeniona. Hakugeuka. Nimewakasirikia kuku, nimewakasirikia waumini, na Jumapili iliyopita nilisoma somo la siku kwa ukali mpaka mchungaji akaniuliza kama niko mgonjwa. Ni kwamba namlilia. Nimemkosa kwenye gunia, nimemkosa mlangoni, na jioni nikimenya chungwa bado naligawa mara mbili.

Uliponiandikia niseme neno moja, nililiandika. Niliandika "Mwache". Lilikuwa zuri, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Nikalitazama muda mrefu. Nikamkumbuka yule jike wako aliyeinua mguu na kusimama, asijue kwamba anaitwa yeye, nikaona kwamba mtoto akibaki hapa miaka miwili mingine ndivyo atakavyokusikia wewe. Nikalichana, nikakuandikia habari za sweta.

Sasa nina ombi. Uliniambia hakuna siku ambayo mama anaamka na kumkuta mwanawe ni mgeni. Kwa mama nakubali. Lakini babu anayengoja miaka miwili kwenye kilima cha mbali, siku hiyo ataiona. Gari litasimama getini, na atashuka mtoto mrefu mwenye meno yote, Kikamba kimemtoka, mwendo wake wa huko, kicheko chake cha huko. Hatakuwa wa kwetu kama alivyokuwa, wala wa kwenu, wala wa watu wa kisiwa. Atakuwa ni yeye, wa kwanza wa namna yake.

Usimkemee kwa hilo. Usimfundishe njiani maneno ya kunifurahisha. Mwache aje na salamu zake. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote. Huyu akija, nitakaa chini na nitajifunza mimi.

Kiema